Siku Redio Ilipozimwa

Mtaani walimwita Redio, na usidhani walimwita hivyo kwa mapenzi. Mwanamke mdomo haupoi! Mumewe akishatia injini moto tu, yeye keshaanza: we mzee, unaenda wapi? We mzee, hilo boya hulioni? Rudi kulia huko, punguza moto, unataka kutuua? Watu wa gatini walishika mbavu. "Maskini Kapteni," walisema, "hakuoa mke, kaoa king'ora." Na Kapteni mwenyewe, ambaye ukapteni wake wote ulikuwa wa boti moja ndogo ya faiba yenye turubai la buluu, alicheka pamoja nao huku akigeuza usukani kule alikoambiwa.

Kule alikoambiwa. Siri yote ilikuwa hapo, watu wanaitazama kila siku wala hawaioni.

Kapteni alikuwa haoni. Presha ya macho ilikuwa imemla taratibu, mwaka hadi mwaka, tangu binti yake yuko sekondari. Jicho la kushoto lilikuwa limezima kabisa. La kulia lilikuwa limebakiza katundu kadogo katikati, kama mtu anayechungulia chumbani kupitia tundu la kufuli. Kitu kikiwa ndani ya tundu hilo anakiona vizuri kabisa, hata kusoma namba za injini anasoma. Kikiwa nje ya tundu, basi hakipo duniani. Daktari wa macho alimpa dawa ya matone na kumwambia aachane na chombo chochote chenye usukani. Kapteni akaitikia kwa adabu, akashukuru, akaaga. Walipofika nje akamshika mkewe mkono, akamwambia, "Nikiacha boti nitakufa, mama. Usimwambie mtu. Hata mtoto usimwambie. Nitamwambia mwenyewe siku nikiwa tayari."

Siku hiyo ikawa haifiki.

Mwanzoni mke alikuwa akimnong'oneza tu: kulia kidogo, sasa nyoosha. Abiria mmoja akageuka, akauliza mbona nahodha anapewa njia kama mgeni. Siku nyingine mzee akaielekeza boti moja kwa moja kwenye nguzo ya chuma, na yule mama akapasuka kwa hofu na hasira za kweli kabisa: "We baba, una wazimu? Nguzo hiyo, kushoto kwako!" Boti nzima ikaangua kicheko. Hakuna aliyeshuku kitu. Mke akimfokea mumewe, nani atauliza kwa nini?

Basi tangu siku hiyo akawa mgomvi. Na huyu ni mwanamke ambaye zamani alikuwa mpole mpaka mama yake mzazi akawa anamwambia sema basi, tujue kama una ulimi. Sauti yake ya kweli ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Akaikunja sauti hiyo na kuiweka kabatini. Aliacha jina lake lichafuke ili la mumewe libaki safi, na lilimuuma, wallahi lilimuuma. Wanawake wenzake sokoni walipopunguza sauti akipita, alijua wanamsema nani.

Sasa binti yao, wa pekee, alikuwa akifanya kazi mji mwingine katika ofisi ya kampuni ya simu, nyumbani anakuja mara mojamoja. Mwaka huo akapata mchumba. Mchumba akawa na zamu kazini, lakini wazazi wake wakasema wao watakuja hata bila yeye, wawaone wakwe zao. Na Kapteni, tangu binti yake ana meno ya utotoni, alikuwa ameweka nadhiri kwamba siku wakwe wakija atawatembeza pwani nzima kwa boti yake mwenyewe.

"Hapana," mkewe alimwambia walipokuwa wanakunja nguo. "Abiria tu roho inakuwa mkononi. Wakwe?"

"Hii ya mwisho. Baada ya hii naifunga, naiuza, nafanya utakalo. Nipe hii moja tu. Wewe si upo? Utanigombeza, tutafika."

Akamtazama mzee alivyokuwa akilipapasa shati kuutafuta ukosi, akashindwa kumkatalia. Alimpenda sana, na hapo ndipo penye ubaya wote.

Asubuhi ya safari alikuwa jikoni anakata mkate, mayai ya kuchemsha yapo kwenye bakuli, chupa ya chai imeshajazwa, binti akaingia na kusimama mlangoni akivuta vidole.

"Mama, nataka kukuomba kitu. Usikasirike."

"Sema."

"Leo usimgombeze baba."

Kisu kikasimama katikati ya mkate.

"Siku moja tu, mama. Mbele ya wakwe zangu. Mimi nimevumilia mengi, shuleni waliniita mtoto wa Redio, nikanyamaza. Lakini wale watu waliambiwa baba yangu ni nahodha. Wakimwona anafokewa kama mtoto mdogo aliyemwaga maziwa, watamwonaje? Watanionaje mimi? Watasema na mimi ndivyo nitakavyomfanyia mtoto wao." Machozi yakamlengalenga. "Hivi huoni kama unamdhalilisha?"

Jamani! Yule mama alihisi maneno yamemjaa mdomoni mpaka kwenye meno. Angeyamwaga yote palepale jikoni, yangekwisha. Lakini ilikuwa ahadi ya mumewe, na mumewe alikuwa chumba cha pili anapiga mluzi huku akitafuta kofia iliyokuwa mezani mbele yake.

"Sawa," akasema.

"Ahidi."

"Nimeahidi. Nitaufunga mdomo na ufunguo nitautupa. Umeridhika?"

Binti akamkumbatia kwa furaha. Mama naye akajiambia atamvuta mzee pembeni kabla hawajapanda boti, amwambie mambo yamebadilika, wavunje safari kwa kisingizio chochote, hata cha injini. Lakini walipofika gatini wakwe walikuwa wameshatangulia, na yule mkwe mwanamume alimganda Kapteni kama kupe. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwembamba, mwenye miwani, na kila alipokaa kando ya mtu anayeshika usukani mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo. Alitaka kujua kila kitu: injini ni ya nguvu kiasi gani, inageukaje, inasimamaje. Mkewe, fundi wa mapazia, mnene, mcheshi, hajawahi kupanda chombo cha majini maisha yake yote, alikuwa ameukumbatia mkoba wake kana kwamba ndio utakaoelea.

"Redio!" fundi injini wa pale gatini akapaza sauti. "Mbona kimya leo, betri zimeisha?"

Akatabasamu kwa nguvu. Binti akamkonyeza kumshukuru.

Kapteni akatia moto, akafungua kamba kwa mikono iliyozoea, akakaa kwenye usukani na kusubiri. Alikuwa anasubiri kufokewa. Sekunde zikapita. Kichwa chake kikageuka kidogo upande wa mkewe, kama mtu aliyezimiwa taa ghafla, na kulia kwao, karibu kabisa, ilikuwa imefungwa boti kubwa nyeupe.

"Wakwe zangu!" yule mama akaropoka. "Tazameni kulia! Hii boti nyeupe, mnaiona ilivyo karibu? Ni ya tajiri mmoja, ukiigusa tu amekupeleka mahakamani."

Kichwa cha Kapteni kikageuka kulia, tundu likaidaka boti, usukani ukazunguka kushoto. Wakapita.

"Na mbele yetu, lile boya jekundu, sisi huwa tunaliacha kushoto. Kushoto kwetu hapo."

"Ha! Unaeleza vizuri kama wa kwenye televisheni," mkwe mwanamke akasema. "Na sisi tulivyoambiwa wewe mkali!"

Binti akatazama chini. Mama akacheka kicheko kikavu. Ikawa hivyo njia nzima. Hakufoka hata mara moja, alitembeza wageni tu. Tazameni kushoto, mnara wa zamani. Tazameni hapa karibu na ubavu wetu, mitego ya kambakoche. Aliongea mpaka koo likamkauka, na mzee, akili yake haikuwa ya kulala, alishaujua mchezo na kuufuata. Bahari ilikuwa shwari, maji yamejaa. Walipofika Mlangoni, ndivyo watu wa gatini walivyopaita, pale pwani inapoingiza miamba miwili baharini na kuacha kijia chembamba katikati, aliwaonyesha wakwe mwamba mmoja mmoja kama anayetambulisha ndugu, na boti ikateleza kati bila kugusa kitu. Akafuta jasho la uso kwa khanga. Hakuna aliyeliona isipokuwa, labda, yule mwalimu.

Ng'ambo ya Mlango kulikuwa na ufuko mdogo mweupe. Wakashusha nanga, wakala mkate na mayai na machungwa. Kapteni alikuwa na raha ya ajabu. Akasimulia jinsi alivyoinunua boti ikiwa imepasuka tumbo, jinsi binti yake alivyojifunza kuogelea kwa kufungwa kamba kiunoni kama ndama. Wakwe wakacheka mpaka basi. Mke wake akamtazama, akawaza, huyu ndiye mtu niliyeolewa naye, huyu hapa, na kwa dakika chache hofu ikamtoka.

Kisha mwalimu akamimina chai na kumnyooshea Kapteni kikombe, kwa upande wa kushoto. Kapteni hakukipokea. Kikombe kikabaki hewani, mvuke unapanda. Mwalimu akakirudisha taratibu, akazunguka na kukinyoosha tena kwa mbele, na Kapteni akakipokea palepale, "Ahsante sana, mkwe." Mwalimu akakaa kwenye mchanga na kumtazama kwa muda mrefu kupitia miwani yake.

Yule mama akaliona hilo. Alikuwa anainuka ili amfuate mumewe hatimaye, binti akamshika mkono na kumvuta pembeni ya maji.

"Mama, ahsante. Kweli umejikaza. Lakini hata yale maelezo yamezidi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto! Mwalimu ameniuliza hivi baba yako haijui njia?"

"Kauliza hivyo?"

"Kauliza. Nimeona aibu mpaka nikatamani mchanga unimeze. Tukirudi kaa nyuma na mama mkwe, pumzika. Mwache baba afanye kazi yake. Tafadhali."

"Mwanangu, sikiliza..."

"Tafadhali, mama. Umeahidi."

Na kabla hajajibu, mzee akaita kutoka kwenye boti, twendeni, upepo umegeuka.

Ulikuwa umegeuka kweli. Maji yalikuwa yanatoka, na upepo unayasukuma kinyume, bahari ikaanza kupanda na kushuka kwa vurugu. Mama akataka kwenda kukaa mbele. Mwalimu alishakaa pale, karibu na usukani, mguu tayari kwenye breki yake ya kufikirika. Na mkwe mwanamke, hawajaenda mbali, akageuka rangi. Akatapika pembeni ya boti, akatapika tena, akajilaza kwenye benchi la nyuma na kukilaza kichwa chake kwenye mapaja ya yule mama. "Mkwe wangu, nakufa. Nishike," akasema, akamng'ang'ania mkono kwa vidole vya mtu aliyezoea kushika mkasi.

Basi yule mama akanasa pale nyuma. Injini ilikuwa inanguruma masikioni mwake, turubai linapigapiga, maji ya chumvi yanawarukia. Baharini wazi hapana neno, alijiambia, pale hakuna kitu cha kugonga, mzee anaenda kwa kuusikia upepo shavuni. Kazi iko Mlangoni. Tukikaribia nitasema. Nitasema, liwalo na liwe. Akapiga hesabu ya maisha ya watu watano na aibu ya mmoja, akaona haya kwamba aliwahi hata kuyapima.

Wakaizunguka rasi, na Mlango ukawa mbele yao.

Haukuwa Mlango wa asubuhi. Maji yalikuwa yamepungua, miamba imejitokeza mgongo, na povu lilikuwa linapanda pande zote mbili. Jua la alasiri lilikuwa limekaa mbele kabisa, bahari yote inameta kama bati jipya. Kwa mtu mwenye macho mazima ilikuwa taabu. Kwa mwenye tundu la kufuli ilikuwa weupe mtupu.

Akafungua mdomo. Mkono wa binti ukamfinya goti.

"Mama," binti akasema kwa chini. "Mwache."

Alinyamaza. Kwa pumzi moja, mbili, alinyamaza, na hizo pumzi mbili hajajisamehe hadi leo.

Kule mbele injini ikapungua sauti. Kapteni alikuwa ameshusha moto, na boti isiyokwenda kwa nguvu haitii usukani, mtoto mdogo wa pwani analijua hilo. Wimbi la kwanza likawasukuma kwa ubavu kuelekea mwamba wa kushoto. La pili likafuata.

"Kapteni," mwalimu akasema, "mbona umepunguza?"



"Kapteni! Kuna mawe huku!"

Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo ameinyoosha, kichwa kinatafuta huku na huku kama kuku aliyefungwa kitambaa machoni. Kisha akaacha kutafuta. Akazungumza bila kugeuka, kwa sauti kubwa ili imfikie nyuma.

"Mke wangu! Mbona umenyamaza?"

"Nimeahidi," akajibu.

"Umemwahidi nani?"

"Mtoto."

Wimbi likawainua. Povu lilikuwa karibu mpaka wakalisikia linavyochemka.

"Nigombeze," Kapteni akasema. "Nigombeze, mke wangu. Sioni. Sioni kitu."

Alisema mbele ya wakwe, mbele ya binti yake, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye miamba. Mkono wa binti ukalegea pale gotini.

Yule mama hakumbuki alivyokitoa kile kichwa mapajani. Alijikuta amesimama katikati ya boti, mkono mmoja umeshika nguzo ya turubai, khanga imeshapeperuka, na mdomo umefunguka.

"Tia moto! Tia moto, mzee wewe, unamsubiri nani? Tia, tia! Kulia! Kulia, nimesema, huko kushoto kuna harusi ya nani? Kulia zaidi! Mwalimu, usiguse usukani huo, nitakukata mkono! Kulia tu, baba, kulia, hivyohivyo, unadhani hii ni baiskeli?"

Injini ikanguruma, boti ikainua pua. Mwalimu aliyekuwa ameshanyoosha mkono akaurudisha na kuuficha kwapani. Machozi yalikuwa yanamtiririka yule mama, na wala hakuacha kutukana. "Nyoosha! Sasa nyoosha! Wimbi hilo kulia kwako, lipokee kwa pua, we mzee, usilipe mgongo! Bado! Bado! Kulia kidogo tena, mwamba huo, mwamba, kwani amekukosea nini mpaka unamfuata?"

Boti ikakata kulia kwa nguvu. Na boti ikikata kulia, mkia wake unatupwa kushoto. Yeye macho yake yalikuwa mbele, hakuuona mkia. Aliyeuona ni binti, aliyekuwa bado amekaa nyuma, ameganda, mkwe wake amemng'ang'ania kiuno. Aliliona jiwe jeusi linatoka kwenye povu, linakuja kwenye kona ya boti, penye injini.

"Baba," akasema, "nyuma kushoto..."

Nani angemsikia? Sauti ya ofisini, ya kuongea na wateja kwenye simu. Akatazama jiwe, akamtazama mama yake aliyesimama amelowa, nywele zimetimka, akaelewa yote kwa mpigo, nguzo, maboya, vicheko vya gatini, miaka yote ile. Akasimama.

"We baba!" akapiga ukelele, na ilikuwa sauti ya mama yake mtupu. "Mkia! Mkia wa boti unaupeleka wapi? Nyoosha! Nyoosha upesi, baba wewe, umelala?"

Kapteni akanyoosha. Faiba ikakwaruza jiwe, mkwaruzo mrefu uliowaingia kwenye mifupa, kisha ukaisha. Boti ikarukaruka mara mbili tatu, na ghafla maji yakatulia. Walikuwa wametoka upande wa pili.

Ilisikika injini, na mkwe mwanamke akilia taratibu kwenye mkoba wake.

"Endelea hivyohivyo," mke akasema baada ya muda. "Mbele hakuna kitu."

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alimgeukia mzee kwa hasira, na nani atamlaumu?

"Umenipandisha kwenye boti. Umempandisha mke wangu, hajui hata kuogelea. Na wewe huoni."

"Nimekosa, mkwe."

"Tungekufa!"

"Tungekufa. Nimekosa." Kapteni hakujitetea. "Nilitaka siku moja tu mnione nikiwa mzima. Ningekuja kuwa mtu wa kushikwa mkono mbele yenu maisha yote. Siku moja nilitaka mnione nimeshika usukani. Kosa ni langu, mke wangu hana kosa. Wala mtoto, hakujua."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuwa chafu. "Mimi nilijua tangu kwenye chai," akasema. "Nimefundisha watu kuendesha gari maisha yangu yote, namjua mtu anayetazama na mtu anayesikiliza. Nikanyamaza kwa heshima ya ukwe. Na mimi nina kosa." Akakanyaga breki yake, pengine bila kujua. "Ukifika pale, ufunguo huo unipe."

Walirudi polepole. Mama mbele anasema njia, binti nyuma anasema mkia, kwa zamu, wala hakuna aliyeficha tena. Walipogusa gati mwalimu akawa wa kwanza kuruka. Akafunga kamba kwa fundo baya kuliko yote yaliyowahi kufungwa pale, akanyoosha mkono. Kapteni akazima injini. Akakaa kidogo na ufunguo kiganjani, akiupapasa kwa kidole gumba. Kisha akautoa.

Mwalimu hakuuweka mfukoni. Akampa binti. "Harusi iko palepale," akasema. "Boti, hapana."

"Harusi iko palepale," mkewe akaitikia, akiwa bado na rangi ya majivu, "na mimi nitakuja kwa barabara."

Mara yule fundi injini akawaona, akaja mbio na mzaha wake. "Redio! Nimekusikia mpaka huku, kumbe betri ulikuwa umezitunza! Pole sana, Kapteni, leo umeipata freshi!"

Mama akatabasamu kwa nguvu kama alivyozoea. Lakini Kapteni akasimama ndani ya boti, akavua kofia.

"Fundi," akasema, "mimi sioni. Macho yalikufa zamani. Miaka yote huyu alikuwa haninyanyasi, alikuwa ananionyesha njia. Waambie na wenzako. Halafu nipe mkono nishuke."

Kicheko kikamfia fundi kooni. Akamtazama mzee, akamtazama yule mama. Akanyoosha mkono. Mama alikuwa ameshatangulia kuushika ule wa mumewe.

Gati lile lina ngazi za saruji, zimeota kijani na zinateleza. Kapteni alikuwa hajawahi kuzipanda ameshikwa. Siku zote alizipanda peke yake, akijifanya ana haraka, huku mkewe akimfokea kwa nyuma. Sasa wakasimama chini yake, bega kwa bega, watu wote wanawatazama.

"Ngazi hapa," mke akasema. "Inateleza. Weka mguu. Haya, nyingine."

Alisema kwa sauti ya chini, laini, ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Binti aliyekuwa nyuma yao na kikapu cha vyombo akasimama. Alikuwa anaijua sauti ile, ila hakukumbuka aliisikia wapi mara ya mwisho. Akaweka kikapu chini, akaenda upande wa pili wa baba yake, upande wa jicho lililozima, akamshika.

"Mama," akasema, "nisamehe."

"Tazama ngazi kwanza."

"Ongeza sauti, mke wangu," Kapteni akasema, machozi yanamshuka bila haya. "Sisikii. Nimezoea makelele."

"Utazoea na hii," akamjibu, kwa sauti ileile. "Ngazi nyingine. Inua mguu."